Leza haiondoi kiwanda: juu ya ile hotuba ya titani inayozunguka kwetu



Kuna hotuba moja inazunguka sana kati yetu. Unaisikia kwenye konferansi za vijana, unaiona kwenye video za simu, unaisoma kwenye matangazo ya formasio. Inabadilisha nguo, lakini maneno ni yale yale. Inasema kama siku hizi kuna mashini inayochapa vyuma sawa vile sisi tunachapa memwari: unatia unga ya titani, unatuma mchoro kutoka kompyuta, leza inapita, na kesho asubuhi unatoa kipande cha ndege. Kisha inaongeza: madini iko kwetu, kwa hiyo hatuna tena lazima ya viwanda vikubwa. Tutaruka hatua, sawa vile tuliruka simu ya kamba tukaingia moja kwa moja kwenye simu ya mkono.

Mimi ni mu-agronome. Lisansi yangu ni ya udongo na mimea, haiko ya vyuma. Mtu anaweza kuniuliza naingilia nini humo. Ninaingilia juu hotuba hii inaongea udongo wetu, inaomba pesa ya wadogo zetu, na imejengwa na maneno ambayo kila mtu aliyesoma sayansi anaweza kuyapima. Njo maana niliketi kuisoma polepole, ahadi moja moja, namna tunavyosoma ripoti ya jaribio la shamba. Sikosoi teknolojia yenyewe. Ile iko, inafanya kazi, na sehemu zake zingine zinanifurahisha kweli. Ninachokosoa ni hotuba.

Kwanza tuelewane mashini inafanya nini

Njia inayojulikana zaidi ni kuyeyusha kitanda cha unga kwa leza. Ndani ya chumba kilichofungwa, kilichojaa gazi ya argoni, kuna kisu kipana kinachotandaza unga ya chuma kwa tabaka nyembamba, mikroni 30 ao 60 hivi. Leza ya wati mia kadhaa inachora umbo juu ya tabaka ile. Mahali leza inapita unga inayeyuka, kisha inaganda. Meza inashuka kidogo, tabaka ingine inatandazwa, leza inarudi. Fanyeni hesabu: kipande cha sentimita 10 kwenda juu kinaomba tabaka kati ya 1,600 na 3,300. Kazi inaweza kuchukua saa makumi, bila kusimama.

Unga yenyewe haiko unga ya hivi hivi. Punje zake ni za mikroni 15 mpaka 45, na zinapaswa kuwa za duara ili zitiririke vizuri. Aliyewahi kutumia mashini ya kupanda mbegu anaelewa mara moja: mbegu za ukubwa tofauti, zilizovunjika na zenye takataka, zinaziba tundu, na mstari unatoka na mapengo. Hapa pengo inabaki ndani ya chuma, na hakuna mtu anaiona kwa macho.

Chuma kinachotumiwa sana ni mchanganyiko unaoitwa Ti-6Al-4V: katika kilo 100, alumini ni kilo 6, vanadi kilo 4, na karibu yote inayobaki ni titani. Watu wanaupenda kwa sababu za kweli. Sentimita mchemraba moja ina gramu 4.4 hivi, wakati chuma cha pua na cha kawaida kinakaribia 7.8. Una nguvu, hauliwi na kutu, na mwili wa mtu unaukubali. Mpaka hapo hotuba haidanganyi.

Ahadi ya kwanza: "madini iko, basi chuma iko"

Hapa niko nyumbani. Titani ni elementi ya tisa kwa wingi katika ganda la dunia. Katika udongo wetu mwekundu, ule tunaouita ferralsol, mvua za zamani za zamani ziliosha kalsiamu, zikaosha potasiamu, zikapunguza hata silika. Titani ilibaki, imefungwa ndani ya madini kama ilmenite, rutile na anatase. Haisogei kirahisi. Na kwa sababu haisogei, wataalamu wa udongo wanaitumiaka kama kijiti cha kupimia: unalinganisha elementi zingine na titani, unajua udongo umepoteza kiasi gani. Kwa hiyo ni kweli: chini ya shamba ya muhogo ya mama yeyote wa Walungu kuna titani. Na mama huyo anaendelea kutafuta franga za mbolea.

Kwa nini? Juu titani imeshikana na oksijeni kwa nguvu ambayo moto wa makaa hauwezi kuvunja. Chuma cha jembe, wazee wetu walikitoa kwenye mawe kwa makaa na mivukuto. Titani ukiifanyia vile, hutoi chuma safi. Kaboni inaingia ndani yake na inakuwa kitu kigumu, kinachovunjika. Njia inayotumika mpaka leo kwa sehemu kubwa ni ile ya William Kroll, mtu wa Luxembourg, aliyeikamilisha mwishoni mwa miaka ya 1930. Unachukua madini yaliyosafishwa, unayachoma na klorini na kaboni karibu digri 1,000, unapata maji makali yanayoitwa tetrakloridi ya titani. Unayasafisha kwa kuyachemsha na kuyagandisha. Kisha unayakutanisha na magnesiamu iliyoyeyuka, ndani ya chombo kisicho na hewa. Mwishoni kabisa unapata kitu chenye matundu sawa sponji, na jina lake ni hilohilo, sponji. Hiyo nayo inayeyushwa tena ndani ya vakyumu ili itoe kipande kizima. Nchi zinazofanya sponji kwa wingi unazihesabu kwa vidole: China, Japani, Urusi, Kazakhstani.

Na bado hatujafika kwenye unga. Kile kipande kinavutwa kuwa nondo ao waya, kisha kinayeyushwa na kupulizwa kwa argoni ao kwa plazma mpaka kinakuwa matone madogo yanayoganda hewani yakiwa duara. Baadaye unachekecha. Sasa njo leza inaingia. Katika safari hii yote, leza ni mtu wa mwisho kupanda basi, lakini kwenye hotuba wanamuonyesha kama dereva.

Kitu kingine ambacho hotuba hainaka kabisa: katika madini ya titani yanayochimbwa duniani, zaidi ya tani 9 kwa 10 haziendi kuwa chuma. Zinafanywa rangi nyeupe, ile iko kwenye ukuta wa nyumba, kwenye plastiki, kwenye karatasi na dawa ya meno. Titani ambayo wewe unaigusa kila siku ni rangi.

Ahadi ya pili: "hakuna kinachopotea"

Ahadi hii iko na nusu ya ukweli, na nusu ile ni ya maana. Kwenye njia ya zamani, fundi wa ndege anaweza kununua kilo 10 za titani, mara ingine zaidi, ili abaki na kipande cha kilo 1. Zingine zote zinakuwa vinyolewa chini ya mashini. Kujenga kwa tabaka kunapunguza hasara ile sana. Hiyo ni sababu ya uchumi, na ni sababu nzuri.

Lakini "hakuna kinachopotea" ni neno la soko. Kwanza, kipande hakijengwi peke yake. Kinaomba nguzo za kukishikilia, na nguzo zile zinakatwa na kutupwa. Pili, unga ambayo haikuyeyuka inarudishwa kutumika, lakini kila safari inarudi na oksijeni kidogo zaidi na punje zilizoharibika. Titani inapenda oksijeni kupita kiasi. Kwa mchanganyiko wa kawaida, oksijeni haipaswi kupita asilimia 0.20, kwa ule wa kuweka ndani ya mwili wa mtu, asilimia 0.13. Ukipita hapo, chuma kinakuwa kigumu lakini kinapoteza uwezo wa kujinyoosha kabla ya kuvunjika.

Sisi wa agronomia tunaijua hadithi hii kwa jina lingine. Mkulima anapanda mahindi ya mseto, anavuna, anaweka sehemu ya mavuno kama mbegu, anapanda tena, na tena. Kwa macho punje ni zile zile. Shambani haziko zile zile. Njo maana mbegu ya kweli iko na lebo, iko na namba ya loti, iko na tarehe na kipimo cha kuota, na kuna huduma ya taifa, SENASEM, yenye kazi ya kuthibitisha. Mahindi mazuri ya soko la Kadutu na mbegu yenye lebo zinaweza kufanana. Tofauti iko kwenye karatasi, na nyuma ya karatasi kuko kazi ya watu, mashamba yaliyotembelewa, laboratware. Unga ya titani ni vile vile. Bila namba ya loti na kipimo, unayo mikononi vumbi ya bei kali.

Vumbi hiyo tena inawaka. Titani ya unga nyembamba inaweza kushika moto kwa cheche ndogo, na ukimwagia maji unaongeza hatari, juu maji yenyewe yanavunjika na kutoa hidrojeni. Wanazima kwa vitu vikavu vya kazi hiyo. Bado sijaona tangazo la formasio linalotaja jambo hilo.

Ahadi ya tatu: "kipande kinatoka tayari"

Hapa hotuba inapotea kabisa.

Leza inayeyusha doa dogo, na doa lile linapoa kwa kasi ya ajabu, digri maelfu na maelfu kwa sekunde moja. Titani ikipoa vile, inapata muundo wa ndani wenye sindano nyembamba, mgumu lakini usiopenda kujikunja. Kwa kuwa kila tabaka inajivuta ikipoa na ile ya chini inakataa, kipande kinajaa mivutano ndani. Ukikikata kutoka kwenye meza bila kukitunza, kinaweza kupinda mbele ya macho yako. Kwa hiyo kinapelekwa kwanza kwenye tanuri ya vakyumu ao ya argoni, mamia ya digri, saa kadhaa, ili kipumzike.

Kisha kuna matundu. Leza ikipita na nguvu kidogo mno, unga haiyeyuki yote, unabaki na mapengo kati ya tabaka. Ikipita na nguvu nyingi mno, inachimba shimo refu ndani ya chuma kilichoyeyuka, shimo linajifunga na gazi inabaki ndani. Dawa inayotumika kwa vipande vya maana ni kuvitia katika chombo cha joto na mgandamizo pamoja: karibu digri 920, mgandamizo wa megapaskali 100, saa 2 hivi. Mgandamizo ule ni karibu mara elfu moja ya ule wa hewa tunayopumua. Chombo cha namna hiyo ni kiwanda chenyewe.

Baada ya hapo unaondoa nguzo, unalainisha uso, unatengeneza matundu ya bulonzi kwa mashini ya kawaida ya kukata, unapiga kipande picha ya ndani kwa miale ya X. Na unavunja. Ndiyo, unavunja: pamoja na kipande kuna nondo za kipimo zilizojengwa siku ile ile, unazivuta mpaka zikatike, zingine unazisimamisha, zingine unazilaza, juu chuma cha tabaka hakina nguvu sawa kila upande. Halafu unapima uchovu. Kipande cha ndege hakivunjikaka kwa mzigo mmoja mkubwa; kinavunjika kwa mizigo midogo inayorudi mara milioni. Tundu la mikroni makumi karibu na uso, ao uso wenye vikwaruzo, linatosha kuanzisha ufa.

Mwaka 2017, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliidhinisha vipande vya titani vilivyojengwa na kampuni Norsk Titanium ya Norwe kwa ajili ya umbo la Boeing 787. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini angalieni namna: kampuni ile ilitumia waya, haikutumia unga, na joto lilitoka kwenye plazma, halikutoka kwenye leza. Kipande kilitoka kikiwa karibu tu na umbo lake, kikamalizwa kwa mashini ya kukata. Hakuna cha "kutoka tayari" pale. Kuna uvumilivu wa kupima.

Hapa wasomaji wa Bukavu nadhani munacheka kidogo, juu mumeshafikiria umeme. Mashini inayotakiwa kufanya saa makumi bila kusimama, katika mji ambao courant inakwenda na kurudi vile inataka. Kazi ikikatika katikati, chuma kinapoa, na tabaka inayofuata inakaa juu ya kovu. Gazi ya argoni nayo inaomba chupa zinazofika kwa wakati.

Ahadi ya nne: "tutaruka hatua"

Kuna nchi ya Afrika iliyojaribu kweli, na hotuba inaitaja kwa haraka bila kuisoma. Ni Afrika Kusini.

Mwaka 2011 kituo cha utafiti cha CSIR na kampuni ya ndege Aerosud walianza projeti iliyoitwa Aeroswift, kwa pesa ya serikali. Walijenga mashini kubwa sana ya kuyeyusha unga ya titani kwa leza: nafasi ya kujengea ya mita 2 kwa mita 0.6 kwa mita 0.6, na leza ya kilowati 5. Mashini nyingi za wakati ule zilikuwa na nafasi ya kama katoni moja ya vitabu. Mwaka 2017 walionyesha vipande vya mfano: sehemu za mkono ambao rubani anatumia kuongoza nguvu ya mota, na kishikio cha tanki la mafuta. Hii haikuwa video ya simu. Ilikuwa kazi ya waenjinia Waafrika, na ninaivulia kofia.

Lakini isomeni pamoja na jambo la pili. Afrika Kusini ni kati ya nchi za mbele duniani kwa kuchimba madini ya titani, hasa kwenye mchanga wa pwani karibu na Richards Bay. Madini yale yanayeyushwa kiasi, yanatoka kama slagi, yanapanda meli. Nchi ile haina kiwanda cha biashara cha sponji ya titani. Hawakulala: mwaka 2013 CSIR ilifungua huko Pretoria kiwanda kidogo cha majaribio cha kutengeneza unga ya titani kwa njia yao wenyewe. Kutoka majaribio mpaka biashara, njia ni ndefu. Kwa hiyo nchi yenye madini, yenye bandari, yenye kampuni za ndege, yenye maprofesa wa vyuma na mashini kubwa kuliko za wengi, ilikuta kama shimo liko katikati, kati ya mchanga na unga. Leza haikuliziba.

Hilo njo fundisho ambalo hotuba inatupokonya. Wakisema "tutaruka", waulizeni Afrika Kusini iliruka nini. Hata mfano wa simu hausimami. Tuliruka kamba, ni kweli. Hatukuruka kiwanda cha simu; kilibaki kwa wengine, sisi tukabaki wanunuzi. Betri ya simu ile iko na kobalti, na sisi njo tunachimba.

Na kwa kuwa nimetaja kobalti, kuna kitu kimoja zaidi. Mfano ambao hotuba inaupenda kuliko yote, pua ya kunyunyiza mafuta ndani ya mota ya ndege ya LEAP, ya kampuni GE, wanaionyesha mara nyingi kama ushindi wa titani. Kipande kile ni cha ajabu kweli: sehemu 20 hivi zilizokuwa zinaunganishwa zikawa kipande kimoja, chepesi kwa robo. Lakini hakiko cha titani. Ni cha kobalti na kromi. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani. Msemaji anasimama mbele ya vijana wa Kongo, anaonyesha kipande cha kobalti, anakiita titani, na anatuambia tusubiri titani. Hapo ujue hakusoma hata jina la chuma anachokisifu. Na swali la maana limepita bila kuulizwa: kwa nini kobalti ya Kolwezi inaondoka bado ikiwa mbali sana na unga wa namna ile?

Kile kilicho kizuri kweli

Nisiwe mtu wa kubomoa tu. Mwaka 2014, huko Kimberley, Afrika Kusini, wagonjwa waliopoteza mfupa wa taya kwa kansa walipewa taya za titani zilizojengwa kwa tabaka na watu wa chuo cha teknolojia cha Bloemfontein. Huko teknolojia iko mahali pake. Kila uso wa mtu ni tofauti, kwa hiyo kiwanda cha vipande elfu vinavyofanana hakisaidii. Kipande ni kidogo. Bei yake inalinganishwa na maisha. Tena leza inaweza kujenga chuma chenye matundu yaliyopangwa, sawa wavu. Hiyo iko na faida: titani nzima ni ngumu kujikunja kuliko mfupa mara kadhaa, inabeba mzigo wote, na mfupa wa pembeni unadhoofika kwa kukosa kazi. Ukiitia matundu, ugumu unashuka, na mfupa unaingia ndani na kushika.

Basi kipimo ni hiki: leza na unga ya titani zinastahili pale ambapo umbo haliwezekani kwa njia ingine, idadi ni ndogo, na kuna mtu tayari kulipa upimaji wote. Nje ya hapo, fundi mwenye mashini ya kukata atashinda kwa bei kila siku.

Kilicho mezani kwetu

Sasa kwa nini nasumbuka? Mdogo wangu mmoja, wa mwaka wa pili, alilipa dola 150 kwa formasio ya siku tatu. Alitoka na sertifika nzuri yenye muhuri, imeandikwa kama amefunzwa kujenga vyuma kwa tabaka. Mashini aliyogusa ilikuwa ya plastiki, ile ndogo ya mezani. Leza hakuiona. Unga hakuiona. Dola 150 kwa familia yake ni karibu minervali ya nusu mwaka. Sitaji kituo, juu shida haiko ya kituo kimoja. Hotuba ikishaota mizizi, wauzaji wa kuivuna hawakosi.

Ile mashini ya plastiki haiko mbaya. Ingefundishwa kwa jina lake, ingefaa sana: unaweza kujenga nayo umbo la mfano, ukaliweka kwenye mchanga, ukamwaga alumini ya sufuria za zamani, ukapata kipande cha kubadilisha. Mafundi wa kumwaga alumini tuko nao mjini. Huko kuna kazi ya kijana mwenye kompyuta na fundi mzee mwenye tanuri. Lakini hakuna anayepiga konferansi juu ya sufuria za zamani.

Katika kazi yangu kitu kinachokufa mara kwa mara ni nyundo za mashini ya kusaga muhogo. Zinalika. Nilisikia mtu akisema siku moja zitachapwa kwa titani. Titani ikisuguliwa inachakaa vibaya na inang'ang'aniana na chuma kingine. Kwa kusaga muhogo ni chaguo baya hata ikiwa bure. Kile nyundo ile inaomba ni chuma kizuri, kilichopashwa moto na kupozwa inavyopaswa, ao uso uliofunikwa na kitu kigumu. Kufunika huko leza inaweza kukufanya, na sudere aliyefunzwa na kupewa baguette za kazi hiyo anaweza pia.

Kwa hiyo, mbele ya hotuba kama hii, kabla ya kupiga makofi ao kutoa pesa, ninaomba tuulize maswali manne. Unga inatoka wapi, na nani amepima loti yake? Leza ikimaliza, kunabaki kazi gani, na itafanyiwa wapi? Kipande kilivunjwa kwenye laboratware gani ili kijulikane nguvu yake? Na kwa nini titani, haiko chuma kingine? Msemaji anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa. Atajibu kwa namba. Yule mwingine atarudi kwenye neno "kuruka".

Mwanafunzi anayetaka kuingia huku kweli, njia iko, ila haianzi na leza. Inaanza na kemia ya vyuma, na kusoma picha ya mikroskopu, na takwimu, na uvumilivu wa kurudia kipimo kimoja mara kumi. Nchi inayotaka titani inaanza na umeme usiokatika, klorini, magnesiamu, na laboratware inayoweza kupima oksijeni kwa asilimia 0.01. Nchi yenye kobalti inaweza kuanza karibu zaidi. Ni kazi ya miaka mingi na haina picha nzuri za kuweka kwenye simu. Lakini mkulima pia anajua hilo: mtu akikuahidi mavuno bila kukuonyesha mbegu, mbolea na mvua, huyo anakuuzia gunia tupu.